Kimya Si Ridhaa

Tangu zamani tumezoea kusema kuwa anyamazaye amekubali. Posa hupelekwa, msichana akaulizwa, akainamisha uso. Wazee husema neno limekwisha. Shauri hutolewa barazani, mwenyekiti akauliza kama yuko mwenye neno. Asipoinuka mtu, shauri hupita. Kanuni hii ina hitilafu zake hata kwa watu wenye ndimi timamu, lakini walau mtu huyo aliyenyamaza alikuwa na uwezo wa kusema, akaacha kuutumia kwa hiari au kwa hofu. Je, itakuwaje kwa mtu ambaye ulimi wake haujapata kutamka neno tangu azaliwe? Yeye naye tumhesabu kuwa ameridhia kila atendewalo kwa kuwa hakusema hapana?

Swali hili haliulizwi kwa mzaha. Huzuka kila mara mpiga picha za sinema aelekezapo kamera yake kwa mtu mwenye usonji asiyesema kwa maneno. Sinema ninazozinena ni zile za hali halisi, yaani zile zisizotungwa kama hadithi wala kuchezwa na waigizaji, bali hudai kuonyesha watu wa kweli katika maisha yao ya kweli. Nashikilia katika insha hii kwamba nyingi za sinema hizo zimewadhulumu watu wasiosema, na kwamba dhuluma yenyewe ina mzizi mmoja: zimekichukua kimya cha mtu zikakifanya mali ya mwenye kamera.

Yafaa kwanza tujue habari hizi ni za nani. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huwa nayo tangu utotoni hadi uzeeni. Hubadilisha namna aonavyo, asikiavyo na ahisivyo ulimwengu, na namna ashirikianavyo na wenzake. Si maradhi ya kuambukiza, si laana ya ukoo, wala si tunda la malezi mabaya. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika habari za watoto 11 wa namna hiyo mwaka 1943, 3 kati yao hawakuwa wakisema. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji, na wataalamu hukisia kuwa kati ya robo na theluthi ya watoto wenye hali hiyo hukua bila maneno au kwa maneno machache mno. Basi hizi si habari za watu wawili watatu walio pembezoni mwa dunia. Ni habari za mamilioni, na baadhi yao ni ndugu zetu, majirani zetu, na watoto wa shule zetu.

Tena yafaa tujue kuwa kutosema si kutofahamu. Mtu asiyetamka neno aweza kusikia yote yasemwayo juu yake. Aweza kukubali na kukataa, kupenda na kuchukia, kwa mkono, kwa jicho, kwa kukimbia, kwa kilio, kwa mchoro, kwa kuonyesha picha au kwa kubonyeza herufi. Waishio naye huzisoma alama hizo kama nahodha asomavyo upepo. Mgeni hazioni, na kwa kuwa hazioni hudhani hazipo.

Nitasimulia jambo moja nililolishuhudia kwa macho yangu. Nilipokuwa mwalimu mchanga nilifundisha katika shule ya msingi iliyokuwa na darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Katika darasa hilo alikuwamo mvulana wa miaka 9 asiyesema hata neno moja. Alikuwa na desturi iliyojulikana na wote: akitaka kitu, alikushika kifundo cha mkono akakupeleka penye kitu hicho. Akiwa na kiu alikupeleka kwenye mtungi. Akichoshwa nawe alikupeleka mlangoni, akakuacha nje, akarudi ndani peke yake. Hapakuwa na mtoto katika shule ile asiyejua maana yake.

Siku moja walikuja wageni wenye kamera, waliotaka kutengeneza sinema ya kuwaomba wafadhili fedha. Mkuu wa shule alitia sahihi karatasi yao. Bibi yake mtoto, ambaye ndiye aliyemlea, hakuulizwa. Taa kali ziliwashwa, na mvulana akaziba masikio. Kisha akainuka, akamshika mpiga picha kifundo cha mkono, akampeleka mlangoni. Mpiga picha alicheka, akarudi ndani, akaendelea na kazi yake. Mvulana akampeleka mara ya pili, kisha ya tatu. Mara ya tatu alilia.

Miezi michache baadaye tulionyeshwa sinema hiyo ukumbini. Mkono ule mdogo ulionekana wazi ukimvuta mtu kuelekea mlango uliojaa mwanga, na sauti nzito ya msimulizi ikasema kwamba mtoto huyu anamsihi mtu amtoe katika gereza la kimya chake. Watu walitoa leso wakafuta machozi. Nami niliyejua kuwa mtoto alikuwa akisema "Toka", nilinyamaza. Mtoto asiye na maneno alisema mara 3. Mwalimu mwenye maneno hakusema hata mara 1. Fedheha hiyo ningali nayo, na ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Tazama basi lililotendeka. Mtoto hakunyamaza. Alikataa kwa lugha aliyokuwa nayo, waziwazi, mbele ya mashahidi. Kukataa kwake kulipigwa picha, kukageuzwa kuwa ombi, kukauzwa. Hilo ndilo kosa la kwanza la sinema hizi, kukifanya kimya kuwa ridhaa. Mwizi akiingia katika nyumba ya mtu asiyeweza kupiga yowe, hatusemi kuwa mwenye nyumba alimkaribisha.

Kosa la pili ni kukifanya kimya kuwa utupu. Mpiga picha humtazama mtu asiyesema akadhani kuwa ndani yake hamna mtu. Basi humwacha yeye, akawageukia wale wanaomlea, na mtu mwenyewe akabaki nyuma yao kama mzigo uliotuliwa pembeni. Mfano mashuhuri ni sinema fupi iitwayo Autism Every Day, iliyotolewa mwaka 2006 na Autism Speaks, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka uliotangulia. Humo kina mama husimulia uchovu wao. Imeelezwa kuwa waliombwa wasitengeneze nywele wala wasisafishe nyumba kabla ya kupigwa picha, ili dhiki ionekane kama ilivyo. Mama mmoja, aliyekuwa na cheo katika chama hicho, alisema mbele ya kamera kwamba aliwahi kuketi ndani ya gari pamoja na binti yake mwenye usonji, akiwaza kuliendesha gari hilo litumbukie kutoka darajani wafe wote wawili, na kwamba kilichomzuia ni kumkumbuka binti yake mwingine asiye na usonji. Alipokuwa akisema hayo, binti mwenyewe alikuwamo chumbani humo humo.

Simhukumu mama huyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mama aliyechoka hahitaji hakimu bali msaidizi. Namhukumu mwenye kamera. Ni mtu gani angemwomba mama aseme maneno hayo mbele ya mtoto asemaye? Angeona haya, angemtoa mtoto nje kwanza, amtume dukani au akacheze na wenzake. Mtoto huyu hakutolewa kwa sababu walidhani kuwa chumbani hamna msikilizaji. Tena sinema yenyewe ilikwenda ulimwenguni na kuwafundisha maelfu ya watazamaji kudhani vivyo hivyo. Watu wazima wenye usonji na watetezi wa haki zao walipoiona walilalamika kwa nguvu, nao walikuwa na haki. Siku ina saa 24. Ndani yake mna kilio, na mna pia usingizi, chakula, kicheko, maji yanayotiririka juu ya vidole. Achaguaye saa za kilio peke yake akaziita "kila siku" hakusema uongo katika picha hata moja, na bado sinema yake nzima ni uongo.

Kosa la tatu huvaa nguo za huruma, ndiyo sababu ni gumu kulitambua. Hilo ni kukifanya kimya kuwa chombo kitupu, kisha kukijaza maneno ya mtu mwingine. Katika miaka ya 1970 mwalimu mmoja wa Australia, Rosemary Crossley, alieneza njia ya kumshika mtu asiyesema mkono, kifundo au kiwiko, ili aweze kuelekeza kidole kwenye herufi. Kufikia mwaka 1990 Douglas Biklen, profesa wa Chuo Kikuu cha Syracuse, alikuwa ameipeleka Marekani. Matokeo yalikuwa kama muujiza. Watoto waliodhaniwa kuwa hawajui kusoma waliandika sentensi kamili, mashairi, na salamu za upendo kwa wazazi wao. Wazazi walilia kwa furaha, na ni nani asingelia?

Ndipo lilipofanywa jaribio jepesi kabisa. Mtoto alionyeshwa picha moja, na msaidizi aliyemshika mkono akaonyeshwa nyingine, pasipo mmoja kuiona picha ya mwenzake. Mtoto akiona ufunguo na msaidizi akiona kikombe, liliandikwa neno gani? Liliandikwa kikombe. Jaribio lilirudiwa mara nyingi na mahali pengi, na jibu likawa lile lile: maneno yalikuwa ya msaidizi. Wasaidizi wenyewe hawakuwa walaghai. Mikono yao iliongoza bila wao kujua, nao walishangaa na kuumia walipoujua ukweli. Mwaka 1993 sinema ya televisheni ya Marekani iitwayo Prisoners of Silence iliyaonyesha majaribio hayo hadharani, na mwaka 1994 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitangaza kuwa njia hiyo haina uthibitisho wa kisayansi. Lakini kabla ya hapo wazazi kadhaa walikuwa wamekwisha kushtakiwa kwa maovu makubwa kutokana na maneno yaliyopatikana hivyo, na watoto wao wakaondolewa nyumbani. Mtoto hakuwa amesema lolote. Msema pweke hakosi, na hapa aliyesema pweke aliazima kidole cha mtu mwingine.

Ungedhani kuwa baada ya hayo wenye sinema wangejihadhari. Mwaka 2004 ilitolewa Autism Is a World, sinema fupi juu ya maisha ya mwanamke mwenye usonji aitwaye Sue Rubin, na Biklen mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuitoa. Mwaka 2005 iliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Wakosoaji wake walilalamika kwamba haikumweleza mtazamaji ubishi uliokuwapo juu ya njia ile. Simkatalii Bi. Rubin akili wala nafsi. Hapana haki ya kumnyima mtu vitu hivyo. Ninachosema ni kuwa mtazamaji alistahili kuambiwa maneno yalipatikanaje, kama vile msomaji wa barua iliyotafsiriwa anavyostahili kujua kuwa yuko mfasiri.

Na sasa nije kwenye sinema ambayo yaheshimiwa kuliko zote hizo, nayo ni The Reason I Jump ya mwaka 2020, iliyoelekezwa na Jerry Rothwell. Msingi wake ni kitabu cha Naoki Higashida wa Japani, alichokiandika akiwa na umri wa miaka 13. Kilitoka mwaka 2007 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2013. Sinema inatuonyesha vijana 5: mmoja wa India, mmoja wa Uingereza, wawili wa Marekani na mmoja wa Sierra Leone. Ina mema mengi, na mkosoaji asiyetaja mema ni mchongezi. Haimwonyeshi kijana yeyote kuwa mzigo. Huikaribia mvua, nuru na sauti mpaka mtazamaji akahisi jinsi kelele ndogo inavyoweza kuwa ngurumo katika sikio la mwingine. Hutuonyesha michoro ya Amrit wa India, ambayo imesema mengi kuliko msimulizi. Hutupeleka Freetown kwa Jestina, mahali ambapo wazazi hupambana na majirani wanaodhani kuwa watoto kama hao wana mashetani. Na hapo Mwafrika hana budi kuinamisha kichwa, kwa maana dhana hiyo haiko Freetown peke yake.

Lakini hata sinema hii ina deni. Vijana wale wawili wa Marekani huonekana wakielekeza kidole kwenye ubao wa herufi ulioshikwa na mtu mwingine. Mwaka 2018 chama cha Marekani cha wataalamu wa usemi na usikivu kilionya juu ya kumshika mtu mkono, na pia juu ya kumshikia ubao huku akihimizwa, kwamba maneno yapatikanayo kwa njia hizo yasihesabiwe kuwa yake. Mtazamaji hawekewi onyo hilo mbele yake. Zaidi ya hayo, maneno ya kijana mmoja wa Japani yamefanywa ufunguo wa mioyo ya vijana 5 katika nchi 4 nyingine. Je, wasemao wote wana moyo mmoja? Tungemcheka mtu ambaye angesoma shajara ya mwanafunzi mmoja wa Kisumu akadai kuwa amejua mawazo ya wanafunzi wote wa Brazili na wa Uchina. Kwa nini basi lisilowafaa wasemao liwafae wasiosema?

Hapa nataka nisieleweke vibaya. Wako watu wasiosema ambao huandika wenyewe, pasipo mkono wa mtu juu ya mkono wao. Wako watumiao kadi za picha, na wako watumiao mashine ambazo ukizibonyeza hutoa sauti. Hao wana maneno yao, na kuyatilia shaka bila sababu ni dhuluma nyingine. Mmoja wao alikuwa Mel Baggs wa Marekani, aliyefariki mwaka 2020. Mwezi wa Januari 2007 Baggs alitoa sinema fupi aliyoitengeneza kwa mkono wake, kwa jina In My Language. Katika dakika zake za kwanza hamna neno hata moja: twasikia mvumo wa sauti yake, twaona vidole vikicheza na maji ya bomba, mkono ukipapasa vitu, uso ukikaribia kitabu. Ndipo yanapokuja maneno, aliyoyaandika kwa kibodi na kusomwa na mashine. Hoja yake ni kali. Asema kuwa zile dakika za kwanza hazikuwa mafumbo ya kufumbuliwa. Alikuwa akizungumza na vitu vyote vilivyomzunguka. Na watu humhesabu kuwa anafikiri pale tu anapojifunza lugha yao, ilhali wao hawajajifunza yake wala hawajioni kuwa wajinga kwa hilo. Hapa kamera ilikuwa mkononi mwa mwenye kimya. Akachagua mwenyewe alionyeshe lipi na alifiche lipi.

Mfano mwingine ni wa zamani zaidi. Mwaka 1967 Mfaransa Fernand Deligny alihamia katika milima ya Cévennes, kusini mwa Ufaransa, akaishi huko pamoja na watoto wenye usonji wasiosema, miongoni mwao mvulana aitwaye Janmari. Wasaidizi wake hawakuwa madaktari. Walipika, walikata kuni, walichunga mbuzi, na watoto wakawa kati yao. Badala ya kuwafasiri watoto, walichora kwenye karatasi njia ambazo watoto walizipita kila siku: hapa alizunguka, hapa alisimama, hapa alirudi. Sinema ya Renaud Victor, Ce gamin, là, ya mwaka 1976, ilionyesha maisha hayo. Sauti inayosikika ndani yake ni ya Deligny, lakini haijidai kuwa sauti ya mtoto. Yeye hunena kama mtu aliye kando anayetazama, na mtoto hubaki na kimya chake kikiwa kizima. Tunayaona aliyoyatenda mtoto. Hatudanganywi kuwa tumesikia asemayo.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema: "Mwalimu, pasipo sinema hizo watoto hawa wangefungiwa vyumbani wasijulikane. Machozi ya watazamaji hujenga shule." Namjibu kwamba kweli machozi hujenga, lakini hujenga kile kilichooneshwa. Ukimwonyesha mtoto kuwa msiba, utapata fedha za kuzuia msiba. Ukimwonyesha kuwa mtu, utapata shule ya kumfundisha mtu. Tena si haki kumtoza mtoto heshima yake ili alipiwe karo. Wenzake hawatozwi hivyo.

Wa pili atasema: "Ukitaka ridhaa ya mtu asiyesema hutaipata kamwe, basi sinema zote zitakoma." Huyu amedhani kuwa ridhaa ni sahihi kwenye karatasi. Karatasi huwekwa sahihi na mzazi au mlezi, na yapasa iwe hivyo kwa sheria. Lakini ridhaa ya mtoto mwenyewe hutafutwa kila siku na kila saa. Mpiga picha na aje kwanza bila kamera, akae, ale na watu wa nyumbani, ajifunze kutoka kwao "ndiyo" ya mtoto ni ipi na "hapana" yake ni ipi. Mtoto akiondoka, asifuatwe. Akiziba masikio, taa izimwe. Asipigwe picha akiwa uchi, wala chooni, wala katika dakika ambazo hata sisi wasemaji tungeficha nyuso. Picha zikiisha kutengenezwa, aonyeshwe yeye kabla ya wageni, na wajuao alama zake waangalie anavyozipokea. Na kama maneno yake yamepitia mkono wa mtu mwingine, mtazamaji aonyeshwe mkono huo na aambiwe majaribio yamesemaje. Kazi hii huchukua muda mrefu na fedha nyingi. Naam, huchukua. Ambaye hana muda wa kumjua mtu hana haki ya kumtangaza.

Wa tatu atasema: "Je, wazazi nao wanyamazishwe? Shida zao si za kweli?" Ni za kweli, na wasinyamazishwe. Mama na aseme uchungu wake kwa jina lake mwenyewe, mahali ambapo mtoto hasikii. Wala kamera isiishie kwenye machozi yake. Na iende mpaka kwenye shule iliyomkataa mtoto, kwenye zahanati iliyomrudisha, kwa jirani aliyemwita shetani. Mara nyingi kinachomchosha mama ni milango iliyofungwa kuliko mtoto mwenyewe, na milango hiyo haikufungwa na mtoto.

Haya si matakwa ya moyo wangu peke yangu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, humpa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Kenya ikauridhia mwaka 2008. Nao huzitaka serikali zivihimize vyombo vya habari kuwaonyesha watu hao kwa namna inayopatana na haki zao. Hakuna mahali katika maandiko hayo palipoandikwa kuwa haki hizo ni za wenye ulimi tu.

Nawaandikia ninyi vijana kwa sababu kamera haiko tena mikononi mwa wageni peke yao. Katika tamasha zetu za kitaifa za maigizo na filamu, wanafunzi wa shule hutengeneza sinema wao wenyewe, na kila mwenye simu amekuwa mpiga picha. Kesho utamwona njiani au kituoni mtu anayerukaruka, anayepunga mikono, anayevuma kwa sauti yake, na mkono wako utaingia mfukoni kutafuta simu. Wahenga walisema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Jiulize kwanza kama umeusikia mshindo huo, au umesikia kelele zako mwenyewe tu.

Na kama utapata heri ya kukaribishwa nyumbani kwa mtoto asiyesema, ukaketi naye, kisha akakushika kifundo cha mkono akakupeleka mlangoni, usicheke wala usimpige picha. Toka. Amekwisha kusema. Kesho yake rudi, bisha hodi, ungoje nje. Akitaka atakuja kukushika mkono tena, na huenda siku hiyo akakupeleka kwenye mtungi.